Picha ya Mfupa na Hatari ya Kuvunjika: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Dodoma na Kanda ya Kati

Ukurasa huu ni kwa wakazi wa Dodoma, Singida na wilaya zake ambao wameandikiwa kipimo cha mifupa, au wana mzazi aliyevunjika nyonga na sasa wanajiuliza kama na wao wako njia hiyohiyo. Ninafanya kazi ya kupiga picha za mwili hospitalini, na mengi ya maswali haya huulizwa mlangoni, mgonjwa akiwa tayari ameshika karatasi ya majibu. Majibu hayachukui nafasi ya daktari anayekujua. Yatakusaidia kumuuliza vizuri.

Picha inaweza kuniambia kama mfupa wangu utavunjika?

Hapana. Inachoweza ni kukuweka kwenye kundi: kati ya watu wenye mifupa kama yako na umri kama wako, ni wangapi huvunjika katika miaka kadhaa ijayo. Wewe mwenyewe unaweza kuwa na mifupa dhaifu na usivunjike mpaka uzeeni, na jirani mwenye majibu mazuri akateleza bafuni akavunjika.

Nguvu ya mfupa inatokana na mambo mengi kwa pamoja: kiasi cha madini yaliyomo, unene wa ganda la nje, namna vijiti vidogo vya ndani vilivyoungana, ukubwa na umbo la mfupa wenyewe, na ubora wa kolajeni, ile protini inayouwezesha mfupa kupinda kidogo bila kukatika. Fikiria nyumba mbili za tembe zilizojengwa kwa kiasi kilekile cha miti. Ya kwanza fundi amefunga viungo vyote. Ya pili nguzo zimesimama bila mihimili ya kuzishikanisha. Ukipima miti kwa uzito utapata jibu moja, lakini mvua ya Desemba ikilowesha udongo wa paa, ya kwanza tu ndiyo itakayobaki imesimama.

Mashine nyingi zinapima hilo jambo la kwanza tu, kiasi cha madini. Naomba ulishike hili unapoendelea kusoma, kwa sababu kwenye maji yetu ya kanda ya kati lina uzito wa pekee.

Nilipigwa eksirei ya kawaida kituo cha afya, wakasema mifupa iko sawa. Haitoshi?

Kwa kujua kama umevunjika, inatosha mara nyingi. Kwa kujua kama mifupa imepungua, haitoshi. Mfupa unaweza kupoteza kiasi cha 30% mpaka 40% ya madini yake kabla jicho halijauona umefifia kwenye eksirei. Picha iliyopigwa kwa mionzi mingi kidogo nayo inaufanya mfupa mzima uonekane hafifu, kwa hiyo hata neno "mifupa imefifia" kwenye ripoti ni dokezo tu.

Hata hivyo eksirei isidharauliwe. Ndiyo inayopatikana wilayani, na ina kazi moja kubwa ambayo watu wengi hawaijui: kuonyesha pingili za mgongo zilizokwisha kuporomoka kimyakimya. Kama theluthi mbili ya mivunjiko ya pingili haitambuliki inapotokea. Mtu anaona mgongo unauma wiki chache baada ya kuinua ndoo, anakunywa diklofenaki, maumivu yanapungua, maisha yanaendelea. Eksirei ya mgongo ya ubavuni ikipigwa baadaye inaonyesha pingili imepungua kimo upande wa mbele. Pingili ya namna hiyo kwa mtu mzima ambaye hakupata ajali kubwa inatosha kumfanya daktari aanze kushughulikia mifupa yake bila kusubiri mashine nyingine yoyote.

Zamani pia madaktari walisoma mistari ya vijiti vya mfupa kwenye eksirei ya nyonga na kuipa madaraja sita, njia iliyoelezwa na Singh mwaka 1970. Tatizo lake ni kwamba wasomaji wawili wa picha moja mara nyingi hawakubaliani.

DXA ni kitu gani?

Ni kipimo kinachotumia eksirei za nguvu mbili tofauti. Nyama na mfupa huzuia kila aina kwa kiasi tofauti, na kompyuta hutumia tofauti hiyo kuondoa hesabu ya nyama na kubakiza ya mfupa. Mashine za aina hii zilianza kuuzwa mwaka 1987. Unalala chali juu ya meza, mkono wa mashine unapita juu yako taratibu, dakika 10 mpaka 20 umemaliza. Huingizwi kwenye tundu, huchomwi sindano. Hupimwa sehemu ya chini ya mgongo na nyonga, na mara nyingine mkono wa mbele, kuelekea kifundo, pale nyonga au mgongo usipofaa.

Jibu linatoka kwa gramu za madini kwa kila sentimita ya mraba. Ni ya mraba, maana mashine inaona kivuli cha mfupa na haijui unene wake kwenda nyuma. Ndiyo maana mtu mwenye mifupa midogo anaweza kuonekana ana upungufu kuliko alio nao kweli.

Karatasi yangu imeandikwa T ni -2.7. Nimekwisha?

Hujakwisha. Alama T inalinganisha mfupa wako na wa kijana mwenye afya. Shirika la Afya Duniani mwaka 1994 liliweka mipaka hii: kuanzia -1 kwenda juu ni kawaida, kati ya -1 na -2.5 ni upungufu wa wastani, unaoitwa osteopenia, -2.5 na kushuka chini ni osteoporosisi, yaani mifupa iliyodhoofika. Kwa hiyo -2.7 ni osteoporosisi, ugonjwa wenye matibabu.

Kila alama moja inaposhuka, hatari ya kuvunjika huongezeka kati ya mara 1.5 na mara 2.6, kutegemea umepimwa wapi. Uhusiano wenye nguvu kuliko yote ni ule wa kipimo cha nyonga na kuvunjika kwa nyonga. Lakini umri una sauti kubwa: mama wa miaka 50 mwenye -2.5 na bibi wa miaka 80 mwenye -2.5 ileile hawako kwenye hatari moja, bibi yuko mbali sana mbele.

Na alama Z?

Inakulinganisha na watu wa umri wako. Hutumika kwa watoto, wanawake ambao bado wanapata hedhi, na wanaume walio chini ya miaka 50. Ikiwa -2 au chini yake, daktari atafute sababu: dawa, tezi, figo, utapiamlo. Kijana wa miaka 30 asipewe jina la osteoporosisi kwa alama T peke yake.

Huyo "kijana mwenye afya" anayelinganishwa na bibi yangu wa Mpwapwa ni nani?

Swali zuri sana, na ningependa liulizwe mara nyingi zaidi. Kwa nyonga, kipimo cha rejea kinachopendekezwa kimataifa ni cha wanawake weupe wa Marekani wa miaka 20 mpaka 29. Bibi wa Mpwapwa, aliyebeba kuni na maji kichwani tangu utotoni, akala ugali wa uwele na mlenda, analinganishwa na hao.

Mwaka 1996 ulichapishwa utafiti kutoka vijiji vya Gambia ambao bado naukumbuka kila ninapoandika alama T. Wanawake wazee wa huko walikuwa na madini ya mfupa machache kuliko wanawake wa Uingereza, na bado mivunjiko ya osteoporosisi kwao ilikuwa nadra. Viwango vya kuvunjika nyonga duniani hutofautiana zaidi ya mara kumi kati ya nchi na nchi. Kwa hiyo namba ya DXA isomwe na daktari anayemuuliza bibi maisha yake. Wala mtu asitumie Gambia kujiambia kwamba Waafrika hatuvunjiki. Tunaishi muda mrefu kuliko zamani, wengi wameacha jembe na kukaa mjini, na wazee wenye nyonga zilizovunjika wanafika wodini.

Nimeambiwa nina osteopenia tu. Niko salama?

Hapana, na hapa watu wengi hupotea. Ukihesabu wote wanaovunjika, wengi wao hawajafika -2.5. Sababu ni ya kihesabu: walio na osteopenia ni wengi mno kuliko walio na osteoporosisi, hivyo hata hatari yao ikiwa ndogo, jumla yao inakuwa kubwa. Mstari wa -2.5 uliwekwa na binadamu kwa ajili ya kupanga ugonjwa; mfupa hauujui.

Kwetu Singida maji yana floraidi, meno yetu yana rangi ya kahawia. Inahusiana na kipimo hiki?

Inahusiana sana. Naomba wenzangu wa fani hii nao wasome hapa.

Floraidi ikiingia mwilini kwa wingi miaka mingi hujenga makao kwenye mfupa, ikachukua nafasi ndani ya fuwele za madini. Mfupa unazidi kuwa mzito na mweupe kwenye picha. DXA ya mgongo inapanda. Ukiangalia namba tu utampongeza mgonjwa. Lakini mfupa huo umepoteza ubora wake: ni mgumu, unakatika kirahisi, na viungo vyake hukakamaa kadiri kano zinavyogeuka mfupa.

Hili lilionekana wazi pale floraidi ilipojaribiwa kama dawa. Mwaka 1990 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa miaka minne Marekani, uliohusisha wanawake 202 wenye osteoporosisi. Waliopewa miligramu 75 za sodiamu floraidi kila siku, wingi wa madini kwenye mgongo wao ulipanda 35%. Mivunjiko ya pingili haikupungua kwa kiasi cha kuaminika, na ile ya mifupa mingine iliongezeka karibu mara tatu ya wale ambao hawakupewa floraidi. Sijui mfano mwingine unaoonyesha vizuri hivi kwamba wingi wa madini na nguvu ni vitu viwili.

Kwa mtu aliyekulia kwenye visima vyenye floraidi, basi, alama T nzuri ya mgongo isimtulize. Mwambie anayekupima ulikokulia na maji uliyokunywa. Onyesha meno. Eksirei ya nyonga, mgongo na mkono wa mbele inaweza kuonyesha mfupa ulioota kwenye kano na kati ya mifupa miwili ya mkono, dalili ambayo DXA haitakueleza.

Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani floraidi inazidi kukolea. Kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Maji ya mvua ni salama kwa upande huu, na chujio la mkaa wa mifupa, lililofanyiwa kazi miaka mingi kwenye kituo cha Ngurdoto mkoani Arusha, hupunguza floraidi kweli iwapo mkaa unabadilishwa kwa wakati.

Nina kisukari na uzito mkubwa, DXA yangu ni nzuri. Kwa nini daktari bado ana wasiwasi?

Kwa sababu kwenye kisukari cha ukubwani DXA huwa ya kawaida au hata ya juu, na bado wagonjwa huvunjika kuliko wengine wenye namba hiyohiyo. Sukari iliyozidi hushikamana na kolajeni na kuiharibu. Ongeza macho yanayofifia, ganzi miguuni na sukari inayoshuka ghafla usiku, na kuanguka kunakuwa rahisi. Daktari wako yuko sahihi.

Je, CT skani ya tumbo niliyopigwa kwa ajili ya kitu kingine inaweza kutumika?

Ndiyo, na nasikitika kwamba fursa hii hupotea kila siku. CT ya tumbo au kifua hupita kwenye pingili za mgongo. Mtaalamu anaweza kuweka duara ndani ya pingili ya kwanza ya kiuno na kusoma msongamano wake kwa vipimo vya Hounsfield. Juu ya 160 hivi, osteoporosisi haielekei. Chini ya 110 hivi, inashukiwa sana. Hapo katikati ni eneo la kijivu. Dawa ya kung'arisha iliyopitishwa mshipani hupandisha namba, hivyo lazima izingatiwe. Haigharimu chochote cha ziada na haiongezi mionzi, kwa kuwa picha tayari ipo.

Hospitali ya Benjamin Mkapa, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, ina CT na MRI (picha ya sumaku). Ukiwa umepigwa CT kwa ajili ya figo au kongosho na una umri mkubwa, muulize daktari: "Pingili zangu zinaonekanaje?" Hiyo sentensi moja inaweza kufichua mvunjiko ambao hakuna aliyeutafuta.

Kupigwa CT kwa ajili ya kutafuta osteoporosisi peke yake, hapana. Mionzi yake ni mingi mno kwa kazi hiyo.

Kuna mashine inayopima nguvu yenyewe?

Zipo njia zinazoikaribia. Moja inaitwa HR-pQCT: CT ndogo ya kifundo cha mkono na mguu inayoona vijiti vya mfupa vya chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Kompyuta hukata picha hiyo kuwa vipande vidogo maelfu kwa maelfu, hukipa kila kipande ugumu wake, kisha huusukuma mfupa huo wa kwenye kompyuta mpaka "uvunjike". Uhandisi uleule unaotumika kukagua madaraja. Nguvu inayokadiriwa hivyo hulingana na nguvu ya mifupa iliyovunjwa maabara vizuri kuliko wingi wa madini peke yake. Hesabu hiyo inaweza pia kufanyika kwa CT ya kawaida ya nyonga au mgongo.

Nyingine, TBS, husoma mkwaruzo wa rangi ya kijivu kwenye picha ileile ya DXA ya mgongo ili kubashiri mpangilio wa vijiti vya ndani. Inasaidia hasa kwa wenye kisukari na wanaotumia prednisolone (dawa ya steroidi), ambao DXA huwadanganya.

Kwa sasa HR-pQCT ni chombo cha watafiti. Mgonjwa wa kanda ya kati asiuze mbuzi kuitafuta.

Nanenane pale Nzuguni walinipima kisigino. Na kuna mahali mjini nilishika chuma mkononi wakaniambia "kalsiamu iko chini." Niamini?

Ni vitu viwili tofauti kabisa.

Kipimo cha kisigino kwa mawimbi ya sauti ni halisi. Sauti hupita kwa kasi na kupungua kwa namna inayotegemea mfupa, na kwa wanawake waliokoma hedhi kinaweza kuonyesha nani yuko kwenye hatari kubwa zaidi. Hakina mionzi, kinabebeka. Lakini mipaka ya -1 na -2.5 haikuwekwa kwa ajili yake. Majibu mabaya ya kisigino yakupeleke hospitali, yasikupeleke kwenye kaunta ya virutubisho.

Kile kifaa cha kushika mkononi, kinachotoa kurasa za majibu ya ini, figo, mifupa na hata "sumu mwilini" kwa dakika moja, hakipimi mfupa. Hakuna mionzi wala sauti inayopita kwenye nyonga yako. Ninawaona wazee waliotumia fedha ya mavuno kununua makopo ya dawa kwa sababu ya karatasi hizo, na inaniuma kwa sababu fedha hiyo ingelipa eksirei, vipimo vya damu na dawa ya kweli.

Mionzi ya DXA haitanidhuru?

DXA moja ni kati ya mikrosiveti 1 na 10. Ardhi, hewa na anga hutupa wastani wa mikrosiveti 2,400 kwa mwaka, yaani kama 6 au 7 kwa siku. Kwa hiyo ni mionzi ya siku moja au mbili za kuishi duniani. CT ya tumbo hufika mikrosiveti 8,000 au 10,000. Mwenye mimba aseme kabla ya kupanda mezani. Kipimo hiki kinaweza kusubiri ajifungue. Mashine za mionzi nchini husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania.

Natumia ARV. Nimesikia zinakula mifupa. Niache?

Usiache. Tenofovir hupunguza madini ya mfupa kidogo, zaidi katika mwaka wa kwanza au wa pili, kisha upungufu hutulia. Virusi visivyodhibitiwa navyo hudhuru mfupa, na hudhuru vingine vyote. Mwambie mhudumu wa CTC kama umewahi kuvunjika kirahisi au una tatizo la figo. Ipo nafasi ya kubadilisha dawa kwa utaratibu.

Prednisolone inanitia hofu zaidi. Vidonge vya miligramu 5 au zaidi kila siku kwa miezi mitatu na kuendelea vinatosha kuhesabiwa hatari, na mfupa huanza kupungua mapema, miezi ya mwanzo. Watu hununua dukani kwa ajili ya pumu, viungo au kuongeza mwili, bila mtu kuwahesabia miezi. Usiziache ghafla pia; tezi zako zinaweza kuwa zimelala. Nenda kwa daktari mpunguze pamoja.

Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu hupunguza madini kidogo ukiwa unaitumia, na kwa wengi hurudi ukiacha.

Ripoti ya mama imesema "pingili imeporomoka." Ni osteoporosisi, sivyo?

Inawezekana, lakini msikubali haraka. Kwenye nchi yenye kifua kikuu kama yetu, pingili iliyoporomoka ni lazima iulizwe maswali. Kifua kikuu cha mgongo kwa kawaida hula pingili mbili zinazopakana na kile kilichoko kati yake, nafasi ya diski ikapotea. Osteoporosisi huporomosha pingili lakini diski hubaki na nafasi yake. Saratani iliyosambaa hupenda kula vishikizo vya nyuma vya pingili, na kwenye eksirei ya mbele "jicho" moja la pingili linakosekana. Homa za jioni, jasho la usiku, kukonda, maumivu yanayozidi usiku, miguu kuwa mizito, haja ndogo kukataa: yoyote kati ya hayo yampeleke hospitali leo. MRI ndiyo inayotenganisha vizuri, na pia huonyesha kama mvunjiko ni mpya au wa zamani.

Hata namba ya DXA ikiwa chini, haisemi kwa nini. Upungufu wa vitamini D unaolainisha mfupa, saratani ya damu aina ya mayeloma, tezi iliyozidi, figo iliyochoka, zote huleta namba ileile. Ndiyo maana daktari ataagiza damu: kalsiamu, kreatinini, wingi wa damu, ESR na vinginevyo. Msione kama anawazungusha.

Skani ya mifupa na DXA si kitu kimoja?

La. Skani ya mifupa hutumia dawa yenye mionzi inayochomwa mshipani kutafuta saratani au maambukizi, kama inavyofanyika Ocean Road, Dar es Salaam. Haipimi nguvu. Soma fomu ya rufaa kabla ya kupanda basi.

Bibi alianguka akitoka kisimani, akavunjika kifundo cha mkono. Amefungwa POP, anaendelea vizuri. Kuna haja ya picha nyingine?

Hili ndilo ninalotaka familia zote za Kondoa, Bahi, Kongwa na Manyoni zilisikie. Mtu mzima anayeanguka kutoka kimo cha kusimama tu na kuvunjika, mfupa wake umekwisha kutoa majibu. Aliyevunjika mara moja kwa namna hiyo ana hatari ya karibu mara mbili ya kuvunjika tena ukilinganisha na mwenzake ambaye hajavunjika. Kwa kubashiri hatari, hakuna mashine ya gharama inayoushinda mvunjiko huo kwa mbali.

Kinachotokea kwetu ni kwamba mkono unafungwa, au unapelekwa kwa mtaalamu wa kuunga mifupa kijijini, unapona, na hadithi inaishia hapo. Miaka michache baadaye ni nyonga. Nyonga ikivunjika kwa mzee, katika nchi nyingi zilizohesabu, mmoja kati ya watano au zaidi hafiki mwaka, na wengi waliobaki hawatembei kama zamani. Kati ya kifundo cha mkono na nyonga kuna miaka ambayo tungeweza kufanya kitu.

Kwa hiyo siku POP inapotolewa, omba mambo haya: eksirei ya mgongo ya ubavuni, kupimwa urefu, maana aliyepungua sentimita 4 au zaidi tangu ujana anashukiwa kuwa na pingili zilizoporomoka, damu, na kama kuna uwezo, DXA. Ikiwa DXA haipatikani, daktari anaweza kuanza dawa kama alendronate ya miligramu 70 kwa wiki kwa kuangalia umri na mvunjiko peke yake, baada ya kuhakikisha figo na kalsiamu ziko vizuri. Kukosa mashine kusiwe sababu ya kumwacha bibi bila matibabu.

Kisha angalia anapoangukia. Mivunjiko mingi ya nyonga hutokana na kuanguka, hasa kwa ubavu. Taa ya kwenda chooni usiku, ndala zilizolika, macho yenye mtoto wa jicho, dawa za presha zinazompa kizunguzungu akisimama. Hakuna picha inayoona hayo, wewe unayaona.

FRAX ni nini?

Ni kikokotoo cha Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, cha mwaka 2008. Unaingiza umri (40 mpaka 90), jinsia, uzito, urefu, kama umewahi kuvunjika, kama mzazi alivunjika nyonga, sigara, pombe, prednisolone, baridi yabisi ya rumatoidi, na DXA ya shingo ya paja ukiwa nayo. Kinatoa asilimia ya hatari kwa miaka kumi. Kinaweza kufanya kazi bila DXA. Lakini kinategemea takwimu za nchi unayochagua, na ukichagua nchi isiyofanana na yako utapata asilimia isiyo yako. Katika umbo lake la kawaida hakiulizi umeanguka mara ngapi. Kitumieni na daktari kama mwongozo.

Nani apimwe?

Miongozo ya kimataifa hutaja wanawake kuanzia miaka 65 na wanaume kuanzia 70, na walio chini ya hapo wakiwa na sababu: wamevunjika kirahisi, hedhi ilikoma mapema, wamekonda sana, wanatumia prednisolone. Huku kwetu, mashine zikiwa chache hivi, mimi ningeanza na waliovunjika.

Nijiandaeje?

Usinywe vidonge vya kalsiamu siku hiyo. Kama umepigwa picha ya bariamu au CT yenye dawa, sema; huenda ukasubiri wiki moja au zaidi. Vaa nguo isiyo na zipu wala vishikizo vya chuma, toa shanga za kiunoni. Mwenye chuma kwenye nyonga moja apimwe nyingine. Mgongo wenye viungo vilivyolika kwa uzee, mshipa mkuu uliojaa chokaa, au pingili iliyoporomoka huonyesha madini mengi kuliko yaliyopo, kwa hiyo kwa wazee wengi soma zaidi namba ya nyonga.

Nitapata wapi, na bei?

DXA ni chache nchini. Piga simu kitengo cha radiolojia cha hospitali ya rufaa kabla ya safari, uliza mashine inafanya kazi leo, uliza bima yako inalipa. Eksirei ya mgongo utaipata mpaka Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ile wengi bado tunaiita General, na kwenye hospitali nyingi za wilaya.

Nirudie baada ya muda gani?

Mwaka mmoja mpaka miwili, mashine ileile. Mashine mbili tofauti hazilingani, na hata moja hukosea kidogo: badiliko la chini ya 3% mpaka 5% linaweza kuwa si badiliko. Ukipima kila miezi mitatu utapata hofu bure.

Jua letu la Dodoma na maziwa ya mgando havitoshi?

Jua linasaidia, ingawa anayeshinda ndani au kujifunika mwili mzima halimfikii. Maziwa glasi moja yana kama miligramu 300 za kalsiamu, na mtu mzima anahitaji 1,000 mpaka 1,200 kwa siku. Ulezi una kalsiamu nyingi kuliko uwele na mahindi. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao ni bora. Lakini chakula peke yake hakimtibu aliyekwisha kuvunjika.

Picha za zamani nizitupe?

Usizitupe kamwe. Eksirei ya mgongo ya miaka mitano iliyopita ndiyo itakayoonyesha kama pingili imeporomoka mwaka huu au ilikuwa hivyo tangu zamani. Filamu zihifadhiwe bahasha kavu, zisikunjwe, zisiachwe chini ya bati lenye joto. Kama picha iko kwenye CD au simu, omba ripoti iliyoandikwa pia. Mzee akihama Kondoa kuja kukaa na mwanawe Nkuhungu, picha zije naye pamoja na kadi ya kliniki.